Nukta Juu ya Jina

Barua ilikuja Alhamisi, yenye adabu kupita kiasi:
tumeboresha huduma, lipa zaidi,
la sivyo baada ya siku thelathini picha zako zitaondolewa.
Iliniita Danguole.
Miaka tisa nimewaandikia kwamba jina langu lina nukta,
juu ya herufi ya mwisho, ė,
si uchafu wa kioo.
Miaka tisa mashine yao inanishukuru kwa maoni yangu.

Picha zenyewe ni za uyoga.
Marehemu Zenonas hakukata uyoga kabla ya kuupiga picha:
elfu nne na ushei, kutoka misitu ya kusini mwa Kaunas,
na pembeni mwa nyingi, bila kukusudia,
ncha ya kiatu chake.
Ninachokitunza ni hicho kiatu.

Skirmantė wa ghorofa ya tatu, miaka kumi na sita,
kucha nyeusi, maneno machache kama fundi saa,
akaleta kompyuta ya zamani ya kaka yake,
bawaba imekatika, kitufe cha K hakipo.
"Hii inatosha," akasema.
Tukaiweka kabatini,
kati ya mitungi ya bitiruti na mabuti ya theluji.
Ujira wake: chapati za viazi, sahani mbili, na malai chachu.

Usiku nikaisikia ikivuma. Nikaamka kuigusa.
Ilikuwa na joto la mkate uliosahauliwa mezani.
Zenonas yuko hatua sita kutoka kitandani,
hayuko tena mawinguni.
Mawingu! Jina tamu kwa ghala la mtu mwingine.
Nguo ya kuazima, wote twajua haisitiri nini.

Sitadanganya, si raha tupu.
Februari diski ilikufa, kimya, bila hata kukohoa.
Kunakili nilikuwa nimekupiga kalenda: kesho, kesho kutwa.
Siku kumi na moja zikapotea,
pamoja na mjukuu wangu Joris akionyesha pengo la jino.
Nikatafuta wa kumlaumu.
Nikamkuta kwenye kioo cha bafuni, mswaki mdomoni.
Sasa kila Jumapili nakala huenda Šiauliai kwa dada yangu Genovaitė,
aliyeiweka diski ndogo ndani ya kopo la vifungo
na hulalamika kwenye simu kwamba inambania nafasi.

Miaka thelathini na mmoja nilisahihisha prufu za gazeti.
Jicho halistaafu.
Ndani ya programu ile nikaliona neno letu la sanduku, dėžė,
limeandikwa kipara, nukta zote mbili hazipo.
Nikamwonyesha Skirmantė, nikitaraji anipe anwani ya kulalamikia.
Akanifungulia matumbo ya programu, mistari kwa mistari,
kama jiko lisilo na mlango.
"Rekebisha."
"Mimi?"
"Nani mwingine?"

Nikaweka nukta mbili. Mikono ilitetemeka
kuliko siku niliyosahihisha tangazo la msiba wa waziri.
Siku ya pili akajibu mtu wa Montevideo,
ambaye uso wake ni picha ya bata:
asante, imepokelewa.
Kilithuania hajui hata neno moja. Aliniamini tu.
Na sasa kuna mtu Klaipėda, simjui wala hanijui,
anafungua sanduku lake asubuhi, anasoma neno lililo sawa,
haoni kitu.
Kazi yetu ndivyo ilivyokuwa siku zote:
ikifanywa vyema, haionekani.

Na jina? Iliniuliza usiku ule wa kwanza.
Nikaandika polepole, kidole kimoja.
Ikanirudishia lote, na nukta yake.
Nikakaa mbele ya kabati lililo wazi, soksi za sufu miguuni,
nikafungua uyoga mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine,
nikitafuta kiatu.