Mahali pa Kuweka Kikombe

Miaka thelathini na mmoja uwanja wetu wa nyuma
umekuwa ukielekea ziwani.
Mpira ukiuangusha, umeuaga.
Tofaa likidondoka halilali chini ya mti wake:
hubiringika, hupita kamba za nguo,
hupenya chini ya ua wa Petrich,
likawa lake.
Hapa Duluth hata nyumba husimama kwa kujishikilia.

Mwezi wa Mei nikasema, nataka mahali pa kuota moto.
Si kile kichuma cha dukani kinachochechemea.
Shimo la mawe, la duara,
na benchi ambalo mtu akikaa hatelezi.
Ndugu yangu Eino akacheka kwenye simu:
"Aune, utakichimba kilima
kwa magoti ya miaka sitini na sita?"
Nikachimba.

Kata juu, jaza chini, ndiyo hesabu yote.
Vigingi vinne, uzi mwekundu, pimamaji
na kiputo chake kinachokimbilia pembeni
kama mtoto anayejua siri.
Udongo mweusi, nusu futi.
Kisha mfinyanzi unaong'ang'ania beleshi.
Kisha mwamba usiojua habari zetu.
Sururu ikagonga, ikarudi na cheche.
Nikasema, kumbe moto umo humu tangu zamani,
mimi ninautafutia kiti tu.

Alhamisi ya pili ya Juni toroli likanitoroka.
Limejaa kokoto hadi mdomoni,
likaanza taratibu, kama mtu aendaye ibadani,
halafu mbio,
halafu ua wa Petrich, mbao tatu,
na kimya.

Miaka kumi na mmoja hatukuwa tukisemezana.
Chanzo ni mbetula, mti wa gome jeupe
alioupanda mume wangu mpakani.
Majani yake yaliziba mifereji ya paa la Petrich.
Akaukata wiki tuliyokuwa hospitali.
Urho aliporudi alitazama dirishani
na hakuuliza kitu.
Hakuishi hadi theluji.

Sasa Ludvik Petrich anapanda na toroli langu,
anapumzika kila hatua tano,
kokoto zote ndani, amezizoa.
Hakusalimu. Alitazama ukuta wangu wa mawe.
"Umeusimamisha wima," akasema.
"Baridi ikija, maji yataganda nyuma yake.
Machi utakuwa umelala kifudifudi.
Uegemeze kilimani. Kila safu irudi nyuma kidogo.
Na maji uyape njia. Maji hayabishani na mtu,
hungoja tu."
Akaokota mawe laini niliyoyatoa mtoni,
niliyoyapenda kwa umbo lao.
"Haya yamekunywa. Yakipata moto yatapasuka."
Akayatupa mteremkoni, moja moja,
yakabiringika yote hadi kwake.
Nilitaka kukasirika. Nikacheka,
kicheko kibaya, cha puani.

Tulijenga hadi Agosti.
Maneno machache: lete, shika, hapana, geuza.
Husemwa mafiga mawili hayainjiki chungu.
Sisi tulikuwa wawili,
na la tatu lilikuwa mti usiokuwepo.

Jioni ya kwanza, Septemba, nilikuwa na kuni za dukani
zimefungwa kwa plastiki.
Akaja amekumbatia mzigo wake.
Gome jeupe. Vipande vikavu, vyepesi kama mkate wa jana.
Nikahesabu miaka kwa vumbi lililokuwa juu yake.
Baridi ngapi zimepita, chini ya sifuri,
na jiko lake lipo, na kuni hizi zipo,
naye hakuwasha hata kimoja.

Sikumwambia asante. Sikumwambia nimekusamehe,
maana sijui kama nimesamehe.
Niliweka kipande kimoja, nikaweka cha pili.
Gome likajikunja, likashika.
Upepo wa ziwani ukausukuma moshi juu,
kuelekea dirisha lile.

Nikaweka kikombe cha kahawa juu ya jiwe,
nikakinyooshea mkono kukidaka, kwa mazoea.
Mkono ukabaki hewani.
Petrich akauona, akatazama kwingine.
Kikombe hakikwenda popote.