Dirisha la Pili

Bishkek, saa nane usiku. Radieta inakohoa.
Seva iko Naryn, katika stoo ya hospitali,
nyuma ya magodoro na mitungi ya oksijeni,
na njia ya mlimani imefungwa tangu juzi:
theluji imefika kiunoni mwa lori.
Nasema haya mjue
hakuna wa kwenda kubonyeza kitufe.
Mlinzi, Sagynbek, ana funguo zote
isipokuwa ule wa stoo.

Mwaka jana Urmat alibadilisha mstari mmoja,
akaiwasha huduma upya, akafunga dirisha,
akaenda kunywa chai.
Aliporudi, mlango haukumjua.
Akaendesha gari saa sita, akakuta
kosa ni herufi moja tu,
n imesimama mahali pa m.
Tangu siku hiyo tunamwita Herufi.
Yeye hucheka. Mkewe hacheki.

Basi mimi sina haraka.
Nakala ya faili la zamani naiweka kando.
Naiuliza mashine: hiki nilichoandika, utakielewa?
Haisemi kitu. Kwake kimya ndiyo ndiyo.
Kisha natega saa: dakika kumi zikipita
bila kusikia neno langu,
rudisha la zamani, unisamehe.

Dirisha la kwanza silifungi.
Ni mbachao, umetoboka, lakini ndio ninaoukalia;
msala ungali unapita.

Nabonyeza.

Huduma inakufa, inazaliwa,
kope haijagusa kope,
na dirisha la kwanza bado linapumua.
Nauliza: mimi nani?
Linajibu: Begimai.
Huo si ushahidi. Aliye ndani atajuaje
kama mlango unafunguka?
Sharti mtu agonge kutoka nje.

Nafungua dirisha la pili. Nagonga.
Kishale kinapepesa.

Kinapepesa.

Huko Naryn labda muuguzi wa zamu
anasubiri picha ya kifua cha mtoto,
hajui kuwa kuna mlango,
sembuse kuwa umetikisika.

Kinapepesa.

Karibu, linasema. Mara ya mwisho uliingia jana.

Zimebaki dakika tatu. Nategua saa.
Ndipo nalifunga la kwanza, polepole,
kama mtu anayechomoa mkono
chini ya kichwa cha aliyesinzia.

Namwandikia Urmat: m, si n.
Ni saa tisa kasoro.
Anajibu papo hapo.
Kumbe naye hakulala.