Kiu ya Lori

Yadi ya Gichohi, ukiacha Nakuru nyuma,
malori matatu yamesimama kama ng'ombe wa mahari
wakingoja wajomba wawakague meno.

La kwanza ni jekundu, limepakwa mafuta hadi magurudumu;
likiunguruma, kikombe cha chai kinatembea mezani.
"Farasi mia tano na arobaini," asema Gichohi,
utadhani amewalisha mwenyewe. "Na turbo mpya."
Turbo niijuayo mimi ni ile ya njia ya Webuye;
nimewahi kulala pale, tenki kavu.
La pili jeupe, uso bapa kama ukuta wa choo cha shule,
upepo wa Timboroa utalizaba kofi kutwa nzima.
La tatu rangi ya majivu, limekula miaka minane,
kofia ya upepo kichwani, mabega ya mviringo.
Linakohoa mara moja, kisha linafanya kazi.

Nasambu amekalia tairi kuukuu,
daftari la mtoto mapajani. Rangi hazimhusu.
"Linakunywa kiasi gani?"
kama mama mkwe anayemchunguza mchumba.

Nakuru hadi Malaba, kilomita mia mbili themanini.
Lenye kwenda mbili kwa lita: lita mia na arobaini.
Lenye kwenda mbili na nusu: mia na kumi na mbili.
Ishirini na nane zimebaki.
Anazipigia mstari mwekundu:
karo ya Simiyu, mabati ya jiko, deni la chama.
Mimi naziona zimekaa kwenye mitungi,
mitungi ya njano.

Kwa maana lita naijua,
si kwa daftari. Naijua kwa ulimi.
Salgaa, saa nane usiku, taa zimezimwa,
mpira ndani ya tenki la Mzee Chumo, nikavuta,
dizeli ikanichoma kinywa hadi asubuhi.
Mtungi mmoja kila safari. Desemba, miwili.
Chumo alibadilisha nozeli. Akabadilisha pampu.
Akamleta Onditi kutoka Kisumu, fundi asikilizaye injini
kwa bisibisi sikioni.
Onditi alisikiliza, akainuka, akapangusa mikono polepole.
"Lori hili halina ugonjwa," akasema, macho kwangu.
"Lori hunywa kwa mguu wa dereva.
Na siku nyingine kwa mdomo wake."
Chumo akacheka, akidhani ni mzaha.
Akaliuza kwa bei ya kutupa. "Mlevi," aliliita.
Mlevi! Na halikuwahi kushiba hata siku moja.

Leo nalipanda la majivu,
trela ya saruji nyuma, tenki limejazwa hadi shingoni.
Mlima wa Mau Summit haumpendi mwenye pupa.
Mshale nauweka kwenye kijani,
silikanyagi, nalipapasa.
Kirwa wa Kericho ananipita kwa honi na moshi mweusi,
shilingi zake hizo, zinapaa.
Zamani ningemfukuza.
Kuteremka, natia gia, sendi frii;
Salgaa imezika wengi waliokwenda frii.

Tumerudi, tumejaza tena.
Kilomita tisini, lita thelathini na saba.
Nasambu anagawa, anafuta, anagawa tena,
halafu anafunga daftari
kama mtu anayefunga mlango wa kuku jioni.

Kabla ya kutia sahihi
niliomba kufuli la mfuniko wa tenki.
Gichohi akashangaa: "Si utaendesha mwenyewe?"
"Nitaendesha mwenyewe."
Nasambu hakuuliza kitu. Alinyoosha mkono,
akaufunga ufunguo kwenye pindo la leso,
mafundo mawili.