Tone Moja Ziwani

Kila Jumanne dada yangu Ng'wasi huteremka Bugarika
na nusu ya mtaa wake,
kwenda kwa tabibu wa homiopathi.
Vidonge vya sukari, vyeupe,
vidogo kama mayai ya dagaa.

Mimi nauza dawa Makoroboi. Miligramu nazijua.
Nikamwambia: hiyo ni kudondosha tone la dawa
hapo Kamanga, kivukoni,
ukachote ndoo Ukerewe, useme umepona.

Akacheka. Akahesabu vitano, akaviweka chini ya ulimi.
"Kwako huwa nakaa dakika ngapi?
Yule aliniuliza naota nini.
Kama goti linazidi mvua ikitanda upande wa Saanane.
Kama kaka yetu Lugembe nilimlilia,
au nilipika tu, nikapakua."

Nyuma yake foleni.
Mtu anakohoa. Mtu anagonga sarafu kwenye kioo.

Nikampa vidonge vyake vya presha.
"Hivi usiviache."
"Siviachi. Nani kakwambia naviacha?"

Usiku nimefunga duka, nanawa mikono
kwa maji ya bomba, yaani maji ya ziwa,
na swali lile bado limo, halijayeyuka:
Lugembe,
mimi nilimlilia?