Madawati Mia Nne na Kumi na Mbili

Wafubwa ameacha kuuliza habari za maji.
Haulizi tena kama geti lina mlinzi,
kama kila mpangaji ana mita yake ya stima.
Usiku, Nasambu akishalala,
hutandika karatasi mezani kati ya chumvi na siagi
akaisoma Nairobi kwa safu:
wanafunzi kwa mwalimu, wasichana kwa choo,
mabomba, madawati, vitabu vya hisabati.
"Dagoretti, hapana," anasema,
na kuipiga mstari Dagoretti nzima,
na machinjio yake,
na binamu yangu anayeishi huko.
Kayole anaizungushia duara,
kisha analifuta kwa kidole chenye mate.

Anajua nafanya kazi ofisi ya elimu.
Anadhani hizi tarakimu huletewa tu,
kama magazeti.

Mwezi wa tatu nilikuwa Njiru, viatu vina matope,
kibao cha kuandikia kwapani.
Shule ya Kware Juu. Mwalimu Nyanchoka
alinipa chai, mandazi mawili,
akasema tuhesabu upesi, mvua hiyo.
Darasa la nne, madawati thelathini na manane.
La tano, thelathini na tisa.
Tukielekea la sita nikasikia
miguu ya mbao ikiburutwa nyuma ya ukuta.
Nikachungulia.
Wavulana watatu wamebeba dawati
kama siafu na panzi wao,
wanawahi kufika tunakokwenda.
Lilichongwa kwa ncha ya bikari
moyo, na ndani yake jina: BARAZA.
Nilikwisha lihesabu.
Nikalihesabu tena.

Mwalimu Nyanchoka aliyatazama mawingu.
"Fedha za madawati zilikuja mwaka jana," akasema,
"madawati hayakuja yote.
Nikiandika pengo, pengo ni langu."
Mandazi yake yalikuwa bado tumboni mwangu, ya moto.
Nikaandika mia nne na kumi na mbili,
nikatia sahihi, mvua ikanyesha.

Nambari ikishatoka mkononi haina mwenyewe.
Kufika Juni ilikuwa kwa madalali:
*vyumba viwili, jirani na shule iliyokamilika*,
na kodi imepanda elfu tatu.
Kufika Julai ilikuwa mezani kwangu,
mume wangu ameipigia mstari
kwa penseli nyekundu, mara mbili.

Leo tumekuja kuiona nyumba.
Gathogo mwenye funguo anatutangulia ngazini,
anasifu vigae, anasifu upepo.
Mkono wa Wafubwa unafungua bomba kwa mazoea.
Bomba linakohoa. Linatoa hewa.
"Maji tutanunua," anasema, analifunga kwa upole,
"elimu hainunuliwi kwa mtungi."
"Wafubwa," naanza, "yale madawati..."
"Mia nne na kumi na mbili!" ananimalizia,
kama mtu anayetaja uzito wa mwanawe alipozaliwa.

Kumi na tisa tu, nilitaka kumwambia,
labda ishirini, ndiyo yaliyotembea.
Si mengi. Kwa jedwali si kitu.
Kwa watoto watatu watatu kila dawati,
ni watoto wa mtaa mzima.

Gathogo anachezesha funguo. Mnalipa leo?
Kuna wengine wanakuja saa nane.
Wafubwa amekwisha toa simu,
kidole chake kinatafuta namba ya siri.

Nasambu amepanda ndoo iliyosahauliwa na waliohama,
pua yake imeganda kwenye kioo cha dirisha la jikoni.
Chini, ng'ambo ya ua wa michongoma,
darasa moja madirisha wazi.
Mwezi huu anajifunza kuhesabu; anahesabu kila kitu,
vifungo, ngazi, kunguru.
"Mama, moja, mbili, tatu, nne,
wamekaa pamoja. Na huyu mwingine
amekalia jiwe."

Kimya. Hata funguo zimenyamaza.

Naikamata ndoo isiyumbe.
"Hesabu tena," namwambia.
"Kwa sauti. Baba asikie."