Mwanga Usiobisha Hodi

Jumamosi, Daraja Kavu, Tbilisi. Theluji imelowa.
Badri ametandaza blanketi kando ya njia:
medali, vijiko, kamera isiyo na jicho,
na vinasa-diski vitatu vilivyokufa, kila kimoja lari nne.
Vyote vitatu kwa kumi, nikamwambia.
Akacheka: "Tsiala, unanunua maiti, na bado waomba punguzo?"

Sikununua maiti. Nilinunua macho,
kila moja dogo kuliko punje ya mtama,
macho yaliyokuwa yakichoma harusi za watu kwenye diski.

Mashine yenyewe tuliiona katika orodha ya bei.
Tukaifunga orodha taratibu,
kama mlango wa chumba cha mgonjwa.

Basi: leza ya diski, reli za printa kuukuu,
feni ya kompyuta, miwani ya kinga miwili kwa watu watatu.
Zurabi akaunga nyaya. Nutsa akaandika programu,
akaifuta, akaiandika tena.

Plastiki ikatushinda.
Ilikuwa angavu mno. Mwanga ulipita ndani yake
kama mgeni asiyebisha hodi wala kuaga,
ukaenda kuunguza meza.

Siku tisa hivyo.
Ya kumi nikamkumbuka baba,
mchonga nyuso za wafu kwenye mawe ya makaburi:
"Jiwe linalong'aa halishiki uso. Lipake masizi kwanza,
ndipo patasi ijue pa kukaa."
Nikachukua kalamu ya wino mweusi, ile ya kuandikia chupa,
nikapaka mstari mmoja.

Mwanga ukasimama.

Harufu ya kuungua. Uzi wa moshi.
Chini ya hadubini, mfereji: maikroni arobaini.
Tukaulaza unywele wa Nutsa kando yake
na unywele ukaonekana kamba.

Ila mfereji ulikuwa na kigugumizi,
kila baada ya dakika nne, hapo hapo, unapinda.
Tukalaumu skrubu. Tukalaumu programu. Tukalaumiana.
Kisha nikaweka glasi ya chai mezani
na chai ikatetemeka:
treni ya chini ya ardhi, yaenda Varketili.
Tangu siku hiyo twachonga usiku wa manane,
treni ya mwisho ikishalala.

Rangi ya majaribio ilikwisha mwezi uliopita.
Zurabi akakamulia komamanga lake kwenye kijiko.
Tone moja, mdomoni mwa mfereji.
Hakuna pampu. Hakuna aliyepuliza.
Wekundu ukaingia wenyewe, ukakata kona, ukakata nyingine,
ukafika njia panda, ukagawanyika sawa.
Karibu sawa.

Hapakuwa na aliyesema kitu. Nutsa alikula komamanga lililobaki.

Labda siku moja patapita hapo damu,
tone tu, la mtoto wa Svaneti
ambako theluji hufunga barabara na daktari hafiki.
Labda. Kona ya tatu bado inavuja.

Badri ameniwekea vinasa vingine viwili.
Maiti hawa, anasema, hawana punguzo.