Mguu wa Kushoto

Kibanda changu kipo Makoroboi, kati ya fundi saa
na mama anayeuza kayabo. Vitabu vyangu vinanuka yote mawili,
mafuta ya mashine na samaki wa chumvi.
Naazimisha kwa mia tano. Jina, tarehe, namba ya kitabu,
katika daftari lenye twiga jaladani.

Vinavyotoka sana ni vya Kokushubira,
mpelelezi wa bandarini, vitabu kumi na vinane,
karatasi zake zinaparuza kama jani la msasa.
Cha kwanza nimekishona kwa uzi wa nyavu.
Cha nne kina vidole vya mtu aliyekuwa anakula sambusa.
Cha kumi na sita bado kinalia mgongo ukikifungua.

Mbuke, msusi wa Mlango Mmoja, aliishia cha saba.
Alikirudisha siku ileile, hata hakuketi:
"Kamuua mama wa uji. Kwa kosa gani?
Si alikuwa anauza uji tu?"
Na kweli, mama yule hakuwa na kazi katika kisa.
Kila kitabu mistari miwili, mitatu:
anamimina, anauliza, "Mguu unaendeleaje?"
Kumbe Mbuke alivuka kurasa mia kila mara
ili apate kikombe kile.

Nkwabi, mkata tiketi wa kivuko cha Kamanga,
aliweka cha tisa mezani, kidole katikati ya ukurasa.
"Risasi ilimpata mguu wa kushoto.
Hapa anachechemea wa kulia.
Mwandishi kausahau mguu niliouuguza mimi miaka sita."
Nikasema labda ni makosa ya chapa.
Akanitazama kama abiria aliyepunjwa chenji.

Nyamisi wa Bugando hajali mguu.
Anasoma zamu za usiku, chini ya meza, kwa mwanga wa simu.
"Najua mwizi atakamatwa. Ndiyo maana nasoma.
Wodini sijui nani ataamka."

Mwalimu Magesa, cha mwisho alikinunua kabisa.
Mwaka wa pili huu kimo ndani ya nailoni,
juu ya kabati, nyumbani kwake Pasiansi.
"Nikikisoma, si nitakuwa nimekimaliza?"
Akaazima tena cha tano.

Na mimi?
Niliacha cha kumi. Sijamwambia mtu.
Hatukugombana. Ilikuwa masika yale
maji yaliposhuka milimani na matope na ndala za watu,
nikavihamisha vitabu kichwani, safari nne.
Vilipokauka nikafungua pale nilipokunja sikio la ukurasa,
nikakuta majina, majina, majina,
kama nimeingia harusi nisiyoalikwa.
Tangu hapo nasoma nyuso.
Mtu akirudisha kitabu huku anacheka, najua Koku kaponea.
Akikiweka bila neno, naandika tarehe
polepole, nimpe muda.

Jana magharibi, wadudu wa ziwani wameiziba taa ya fundi saa,
akaja msichana, sare ya shule, soksi moja imeporomoka.
"Cha kwanza kipo?"

Nilikitoa chini kabisa ya rundo.
Nilitaka kumwambia: mguu utahama.
Uji utakwisha, na hakuna atakayekueleza kwa nini.
Utafika mahali utashuka peke yako,
gari likiendelea na watu uliowapenda,
na labda hutageuka hata kulitazama.

Sarafu zake zilikuwa na joto la kiganja.
"Jina?"
"Limi."
Limi, nikaandika. Namba moja. Jumanne.
"Urudishe Jumamosi," nikasema, sauti kavu kama kayabo.

Hakunisikia. Alishaanza kusoma akitembea.
Mwenye mkokoteni wa mananasi alimpigia mluzi,
mara ya kwanza, mara ya pili,
kisha akampisha yeye.